Mifuko Miwili ya Mchanga

Kitu kilichoangukia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa. Utakikoroga kwa mpini wa ufagio, utakijia upande huu na upande ule, utasukuma kitanda mpaka kigonge ukuta. Mwisho wa yote utapiga magoti, utalaza shavu sakafuni na kunyoosha mkono kwenye vumbi. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto hufundishwa methali hii ili wavumilie taabu za masomo, na ni sawa. Lakini wapo watu wazima ambao kazi yao ni kuinama kutwa nzima, na siku wanapotakiwa kuinama kwelikweli shingo zao hukakamaa. Mmoja wao alikuwa fundi wa kufunga mapambo ya magari.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nusu imeezekwa mabati, nusu nyingine ni ya jua na mvua. Hakugusa injini. Kazi yake ilikuwa ya nje ya gari: vikinga mvua vya juu ya madirisha, vipini vya milango vya kung'aa, antena, mistari ya kuakisi mwanga, na zaidi ya yote vikinga matope, yaani vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu. Mafundi wa injini walimtania kwamba yeye anavisha magari shanga. Yeye aliwajibu kwamba hata bibi harusi hapelekwi ukumbini na maini mazuri peke yake.

Watu walimwita Fundi Mchanga. Mgeni aliyelisikia jina hilo alitegemea kumkuta kijana aliyeanza kazi juzi, kisha akatahayari kuona mvi. Jina lilitokana na mifuko yake miwili ya mchanga. Kabla ya kutoboa tundu hata moja, fundi huyu aliitia ile mifuko ndani ya buti, akamketisha mwenye gari kwenye usukani, akatandika gunia chini na kulala ubavu karibu na gurudumu la nyuma.

"Gari tupu husema uongo," alipenda kueleza. "Libebeshe mzigo ndipo litasema kweli."

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Gari likibeba mzigo hushuka. Mpira ulioonekana uko juu vizuri gari likiwa tupu, hugusa ardhi likijaa. Sasa gari hilo likirudi nyuma juu ya tuta au jiwe, mpira hujikunja na kuingia chini ya tairi, na tairi halina macho. Hulivuta bampa lote likang'oka. Kwa hiyo Fundi Mchanga alipima kwa ngumi. Gari likiwa na mzigo, ngumi iliyosimamishwa wima lazima ipite kati ya ncha ya mpira na ardhi. Wenzake waliimaliza kazi hiyo kwa robo saa. Yeye ilimchukua saa nzima na maumivu ya kiuno, na katika miaka ishirini na sita hakuna gari lililomrudia.

Binti yake mkubwa aliuza mayai. Alikuwa amepewa jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo fundi alizoea kumwita "mama", na alimwita hivyo kwa mapenzi ya kweli. Kwa miaka sita binti huyo alisukuma mayai kwa mkokoteni, kutoka kwa wafugaji hadi kwenye maduka, shule na tanuri la mikate. Alipofika miaka thelathini na mitatu akajifunza kuendesha gari, na baada ya kujinyima mengi akanunua kigari cheupe kilichokwisha kula chumvi nyingi. Siku alipokileta nyumbani, mama yake alikizunguka mara tatu, akaingia ndani kufuta machozi.

Miezi miwili baadaye alikipeleka karakana.

"Shikamoo, Baba. Njia ya kwa wafugaji ni tope tupu. Nikifika kwa wateja gari linaonekana kama limetoka kulima. Nifungie vikinga matope."

Siku hiyo fundi alikuwa amekwisha kufunga magari manne. Kiuno kilikuwa kimemgomea tangu asubuhi. Mifuko ya mchanga ilikuwa upande wa pili wa uwanja, imenyeshewa usiku kucha, na mchanga uliolowa una uzito wa ajabu. Aliitazama. Akautazama mgongo wa kigari. Kisha akafanya jambo ambalo asingemfanyia mteja yeyote: alichuchumaa, akafumba jicho moja, akatia alama ya chaki na kuanza kutoboa. Alijiambia kwamba gari ni la mwanawe, na la mwana hata likiwa na kasoro litarudi tu lirekebishwe.

"Leo mchanga umepewa likizo, Baba?" binti aliuliza.

"Macho haya yana mizani, mama. Miaka ishirini na sita si mchezo."

Binti akacheka. Akaamini, akaondoka.

Siku ya tisa mtu alikuja mbio karakana kumwita. Tanuri la mikate lilikuwa mtaa wa pili tu kutoka hapo, na fundi alipofika uani alilikuta gari la binti yake limesimama juu ya tuta la langoni, bampa la nyuma likiwa chini kama taya lililovunjika. Binti alikuwa akirudi nyuma ili ashushe trei hamsini za mayai. Alisikia mlio, akashtuka, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Mayai yalikuwa yakichuruzika kutoka mlango wa nyuma wa gari, mazito na ya njano, yakifuata mfereji wa maji machafu. Waoka mikate walikuwa wamesimama mlangoni na unga wao hadi kwenye nyusi, na mmoja wao alikuwa akicheka.

Fundi aliinama. Chini ya tairi aliuona mpira umekunjwa, na juu ya mpira huo meno ya tairi yamechapwa wazi kama mhuri. Alijua pale pale. Hakuhitaji kupima wala kuuliza. Alifungua kinywa kusema kweli, na mpaka leo hajui ilikuwaje maneno yaliyotoka yakawa mengine.

"Nilijua mimi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Usukani si mwiko. Si kila ajuaye kupika anajua kuendesha."

Watu walicheka. Binti alisimama na viganja vyake vimejaa ute wa mayai, akimtazama baba yake kana kwamba anangoja sentensi ya pili. Haikuja. Fundi aliuchomoa ule mpira chini ya tairi na kuufutika ndani ya ovaroli kabla mtu mwingine hajauona. Jioni ile binti alimletea funguo.

"Liuze, Baba," alisema. "Mimi na mkokoteni tunajuana."

Zikapita wiki tatu, na zilikuwa wiki nzito. Binti hakununa, na hilo ndilo lililomchosha fundi zaidi, maana aliyenuna unaweza kumbembeleza. Alipita kila asubuhi, akasema shikamoo yake macho yakiwa sakafuni, akaenda zake kukodi mkokoteni. Viganja vyake vikaota malengelenge upya. Siku moja wakati wa chakula, mke wa fundi alisema, kama mtu anayetaja habari za hali ya hewa:

"Mwanao ameniambia ana mguu mbaya."

"Umefanya nini?"

"Haumwi. Anasema labda siku ile alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Anasema ni bora yametoka mayai kuliko angemgonga mtoto wa watu."

Fundi aliendelea kutafuna. Chakula kilikuwa kama maranda ya mbao mdomoni.

Kwa kuwa hakuweza kusema, alifanya kazi. Alilirudisha bampa na kulinyoosha mpaka asiyejua asingejua. Baadaye akafunga vikinga mvua juu ya madirisha yote manne. Akabandika mistari ya kuakisi mwanga ubavuni. Akabadilisha vipini vya milango akaweka vya kung'aa, akaweka na kifuniko cha tangi la mafuta kinachofanana navyo, na juu ya paa akasimamisha antena ndefu ilhali redio yenyewe ilikuwa mbovu. Kila alasiri aliliegesha gari mbele ya nyumba, mahali ambapo binti akirudi lazima alipite. Binti alilipita. Harufu ya mayai yaliyooza ilikuwa bado kwenye zulia, na mapambo yote yale hayakuwa na dawa yake.

Alijiambia kwamba analipamba ili lipate mnunuzi mzuri. Kujidanganya ni kazi isiyohitaji vifaa. Na mnunuzi akapatikana kweli, mwalimu mmoja mstaafu, akaahidi kuja Jumamosi asubuhi kulichukua.

Alhamisi jioni mke wa fundi alitoka nje na kapu lake la nguo, akalitazama gari kutoka taa za mbele hadi antena.

"Sasa limebaki kutogwa masikio livae hereni," alisema.

Fundi hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo umempinda, mikono imelegea katikati ya magoti. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Aliingia stoo, akarudi na kile kipande cha mpira, akamkabidhi mkewe. Mama yule alikigeuza mara moja, akapitisha kidole kwenye alama za tairi. Hakuwa fundi, lakini alikuwa ameishi na fundi.

"Hukuweka mchanga," alisema.

"Sikuweka."

"Na siku ile ulijua."

"Nilijua nilipouona."

Mke wa fundi aliweka kapu chini. "Nimechoka, mwenzangu. Nimechoka kukaa katikati ya watu wawili wanaosalimiana kama wapangaji."

"Nitamwita hapa ndani, nimweleze taratibu."

"Yale maneno ya mwiko ulimwambia hapa ndani?"

"Kwa waoka mikate."

"Basi njia unaijua."

Kusema mbele ya mkewe kulikuwa kama kuvua viatu. Kusema mbele ya wale watu wa unga, mbele ya yule aliyecheka, kulikuwa kama kuvua nguo.

"Mimi ni baba yake," alisema mwishowe.

"Ndiyo maana alikuamini," mkewe alimjibu, akamrudishia ule mpira, akachukua kapu lake, akaingia ndani.

Ijumaa kulikucha na manyunyu. Fundi Mchanga alilitia gari sanduku la vifaa, drili, na jozi mpya ya vikinga matope, akaliendesha hadi kwenye tanuri la mikate. Uani kulikuwa na tope jembamba la kijivu, maji na unga vimechanganyika. Alingoja akiwa amesimama, maana alihofia kwamba akikaa hatainuka tena. Binti alitokea langoni akiusukuma mkokoteni, kitambaa kimelowa kichwani, akamwona baba, akaliona gari.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Nipe dakika moja kabla hujashusha mzigo." Akamgeukia mwenye tanuri, mtu mnene mwenye aproni. "Ndugu yangu, waite wenzako. Nina neno, na siku ile wote walikuwapo."

Wakatoka, wanne, wakisugua mikono. Fundi aliutoa ule mpira ndani ya ovaroli, mahali pale pale alipoufutika siku ile. Sauti yake ilianza ikiwa na mchanga, akakohoa, akaanza tena.

"Nilisema hapa kwamba binti yangu hajui kushika usukani. Nilisema uongo. Bampa lilivutwa na huu mpira, na mpira niliufunga mimi, chini mno, bila kupima, kwa sababu kiuno kiliniuma nikaona uvivu kubeba mchanga. Nilipofika hapa niliyaona meno ya tairi juu yake. Nikaficha. Yeye hakukosea kitu. Hata breki alikanyaga breki."

Hakuna aliyecheka. Yule aliyecheka siku ile aliviangalia viatu vyake vyeupe kwa unga. Binti alikuja taratibu, akaupokea mpira, akautazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

"Ulisema macho yako yana mizani," alisema.

"Nilisema."

"Wiki tatu, Baba. Wiki tatu nimeuona mguu wangu huu kama si wangu. Nalala najiuliza, je, angekuwa mtu pale nyuma? Nikivuka barabara naliona gari natetemeka. Na wewe unaniwekea antena."

"Nisamehe, mama," fundi alisema. Hakuongeza neno, maana kila neno la ziada lilikuwa na harufu ya kujitetea.

Binti hakusema amesamehe. Aliufungua mlango wa nyuma wa gari, akakunja uso kwa ile harufu, kisha akaanza kuhamisha trei kutoka kwenye mkokoteni, moja baada ya nyingine, akizipanga kwa mpango aliouzoea. Mwenye tanuri akamsaidia bila kuambiwa. Trei zote zilipoingia, mgongo wa gari ulikuwa umeshuka kiasi cha kuonekana. Binti akazunguka, akakaa kwenye usukani, akafunga mlango na kushusha kioo.

"Pima," alisema.

Gunia lilikuwa limebaki karakana. Fundi aliangalia tope, akaangalia ovaroli yake, akakumbuka kiuno chake. Kisha akapiga goti moja, akapiga la pili, akalala ubavu kwenye lile tope la kijivu, shavu likagusa chini, mbele ya watu wanne wa unga na mteja mmoja aliyekuwa amefuata mkate. Aliusimamisha mpira mpya mahali pake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akasimamisha ngumi.

"Inapita?" binti aliuliza kutoka juu.

"Bado. Inakwama."

"Pandisha."

Akapandisha kidogo, akapima tena. Alipima mara tano, kulia na kushoto, akitia alama za chaki zilizokataa kushika kwenye unyevu mpaka akazikwaruza kwa msumari.

"Sasa inapita."

"Kwa hesabu ya macho au ya ngumi?"

"Ya ngumi, mama."

Mmoja wa waoka mikate alicheka, na safari hii kicheko hakikumchoma mtu. Fundi alitoboa, akapaka kila tundu rangi ya kuzuia kutu kama alivyozoea, akakaza skrubu mpaka bisibisi ikalia. Ilichukua saa nzima. Mikate ilitoka na mingine ikaingia, na binti hakushuka kwenye kiti chake. Kazi ilipokwisha, fundi alisogea hadi kwenye lile tuta la langoni, akalala tena chini kando ya njia ya gurudumu ili aone.

"Toka nje kwanza," alisema, "halafu urudi nyuma polepole. Mimi nimeweka jicho."

Kwa kitambo gari halikusogea. Kutoka pale chini fundi aliweza kuona tu tairi na mpira, lakini alijua kilichokuwa kikiendelea juu: mguu mmoja ulikuwa ukiogopa. Hakumhimiza, wala hakumwambia asiogope. Alingoja na baridi ikimwingia ubavuni. Kisha injini ikabadilisha sauti, gari likatoka, likasimama, likaanza kurudi. Gurudumu likapanda tuta. Mpira ukashuka, ukashuka, ukapita juu ya udongo na nafasi ya ngumi kati yake, ukapanda upande wa pili bila kugusa kitu. Gari likaingia uani na kusimama taratibu, na hakuna yai lililogongana na mwenzake.

Mlango ukafunguliwa. Binti alikuja akasimama juu ya baba yake aliyekuwa bado chini, shavu moja limepakwa tope na unga. Macho ya binti yalikuwa mekundu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alimtazama usoni.

"Inuka, Baba. Utapata baridi," alisema, akampa mkono.

Fundi aliushika mkono ule wenye malengelenge, akainuka kwa taabu, mfupa baada ya mfupa. "Na mnunuzi wa kesho?"

"Mwambie gari lina mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Ila vipini hivyo vya kung'aa utavitoa. Na antena. Vinanitia aibu kwa wateja."

Akarudi kushusha mayai yake. Fundi Mchanga akasimama pale akijipangusa shavu, amechoka hadi kwenye kucha, na moyo wake mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu siku ile ya mwiko. Wiki tatu alikuwa amekitafuta kitu chake juu ya paa, milangoni na madirishani mwa gari, na muda wote huo kilikuwa chini kabisa, topeni, kikimngoja ashuke: mtaka cha mvunguni sharti ainame.